Mahindi Niliyovuna kwa Mdomo

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na tabia ya kukuelekezea kalamu ya ubaoni kama mtu anayetaka kukudunga sindano. Wengi wetu darasani tulikuwa wauguzi, watu waliozoea kudunga wengine, kwa hiyo hatukupenda. Chumba chenyewe kilikuwa juu ya duka la magodoro, karibu na soko la Kibuye, na kelele za wauza mitumba zilipanda hadi dirishani pamoja na vumbi lake. "By August," angesema mwalimu, na kalamu ikikusimamia usoni ilibidi umalizie papo hapo: kufikia Agosti nitakuwa nimefanya hiki, nitakuwa nimemaliza kile. I will have, I will have. Alituambia kuwa hapo ndipo Wakenya huangukia kwenye mtihani wa kuzungumza. Kusema tutafanya tunajua sana. Kusema tutakuwa tumemaliza ndiko kunakotushinda, na mtahini akimsikia mtu anayelisema hilo bila kujikwaa, anajua huyu ana mipango.

Mimi mipango nilikuwa nayo mpaka inaninyima usingizi. Kliniki niliyofanyia kazi mjini ilikuwa imekataa kuniongezea mkataba. Mume wangu yuko Mombasa kwenye kampuni ya mizigo na huja Krismasi. Nilikuwa nimerudisha funguo za chumba chetu cha Kaloleni, nikabeba godoro na sufuria zangu, nikaenda kuishi kwenye boma la wakwe zangu huko Kisian, katika nyumba ndogo ya mabati ambayo mume wangu aliijenga ili watu wasiseme hana nyumba kwao. Wakala mmoja wa Nairobi alikuwa akitafuta wauguzi wa hospitali za ng'ambo. Vyeti vyangu alivikubali vyote. Kilichobaki ni huo mtihani wa Kiingereza, na alishanionya kwamba asiye na matokeo kufikia mwisho wa mwezi ule, kundi litaondoka bila yeye, na kuhusu kundi jingine wakala mwenyewe hajui lolote.

"Msiniletee mambo ya kitabu," mwalimu alitusisitizia. "Sema vitu zako, ya nyumbani. Ukiongea vitu zako hutasahau."

Nilikuwa nikifanya mazoezi na mama mmoja wa darasa letu, mtu wa Nyeri aliyekuja Kisumu zamani kuuza viatu vya mitumba na hakurudi tena kwao. Yeye alitaka kwenda kutunza wazee wa watu. Tulikaa kibandani kwake Kibuye, katikati ya viatu vinavyotafuta wenzao, tukirushiana sentensi. Kufikia Agosti, alisema, atakuwa amesahau harufu ya soksi za Wazungu. Mteja akitokea, Kiingereza kilikatwa hapo hapo, akaapa kwa Kiswahili kwamba kiatu kile hakijawahi kukanyaga chini. Nilicheka sana kwenye kile kibanda. Nadhani hapo ndipo mahali pekee nilipocheka miezi ile.

Jioni nilirudi Kisian, na huko nako niliendelea. Nilirekodi sauti yangu kwenye simu nikiwa nyuma ya nyumba, kisha nikaisikiliza nikiosha vyombo, nikijisahihisha. Kufikia Agosti nitakuwa nimeanza kazi. Kufikia Agosti nitakuwa nimelala kwenye chumba chenye bomba la maji ya moto. Nilizisema sentensi hizo mpaka nikaanza kuziamini. Nikizisema, lile boma lilikuwa tayari liko nyuma yangu. Nikinyamaza, nilikuwa bado naangalia ule ua wa michongoma na lile lango, na mama mkwe wangu ameketi mahali ambapo huwezi kutoka wala kuingia bila yeye kukuona.

Sasa lazima nieleze jinsi boma lile linavyopanda, maana kisa chote kiko hapo. Mbegu ya kwanza ya msimu hutoka mkononi mwa mama mwenye boma. Akishatia yake, hata mstari mmoja, anafuata mke wa mtoto wake wa kwanza, ambaye ni mimi. Ndipo anafuata mke wa mtoto wa pili, na wa tatu nyuma yake. Anayempita mwenzake anaharibu. Kitakachoharibika hakuna anayekitaja vizuri. Mtoto atakonda, ng'ombe atalala asiamke, mtu ataanguka njiani. Mimi ni muuguzi, najua watoto hukondeshwa na nini, lakini sijawahi kumpita mtu. Mama mkwe wangu mwenyewe huvaa sare ya akina mama wa kanisa kila Alhamisi na kuomba mpaka sauti inakauka. Siku ya mbegu, hiyo sare hukaa sandukuni.

Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha na shamba lilikuwa limeshalimwa kwa ng'ombe. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, akipukuchua mahindi ya mbegu ndani ya kikapu. Mimi nilikuwa nikisugua sufuria, na simu yangu nimeilaza juu ya karai lililopinduliwa, ikiongea peke yake. Karibu naye alikuwa nyieka wangu, ndivyo tunavyoitana sisi tulioolewa na ndugu, yule mke wa mtoto wa pili. Huyu alimaliza sekondari na anapenda Kiingereza kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mama akamuuliza hiyo simu inahubiri nini siku zote. Sisi nyumbani tunaongea Kijaluo, na hapa nayageuza maneno yao kwa Kiswahili cha kwetu. Nyieka alifurahi kuulizwa. Akatafsiri neno kwa neno, bila kutia chumvi.

Simu ilikuwa ikisema: By August, we will have harvested the maize. By August, I will have left this place.

Mama aliacha kupukuchua. "Amevuna?"

"Anasema kufikia Agosti tutakuwa tumeshavuna mahindi, Mama. Na yeye atakuwa ameshatoka hapa."

"Mbegu iko kwa kikapu yangu hapa. Yeye amevuna nini?"

Nilikuja na mikono inayotiririka povu, nikicheka. Nilimwambia ni mazoezi tu ya shule. Yeye hakucheka. Kwetu mke huitwa kwa mahali alikozaliwa, kwa hiyo mimi ni Nyar Uyoma, binti wa Uyoma, na akiniita hivyo polepole najua kuna neno linakuja.

"Nyar Uyoma," alisema, "mimi sijatoa mbegu. Wewe umeshavuna. Kara, kumbe umenipita."

Nilidhani ni utani. Akafunga kikapu kwa kitambaa, akakibeba ndani, akarudisha mlango.

Mvua iliendelea kunyesha vizuri, ile ya jioni inayolowesha bila kubomoa. Upande wa pili wa ua, mahindi ya jirani yalichomoza. Shamba letu lilikaa wazi, jeusi, likianza kuota magugu, na hakuna aliyethubutu kutia hata punje. Mke wa mtoto wa tatu aliacha kunisalimia. Nyieka alinifuata kisimani akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hakuwa na nia mbaya, alidhani Mama atafurahi kujua ninasoma kwa bidii. Nilimwambia yaishe. Lakini ana watoto watatu, na chakula chao cha mwaka mzima kilikuwa kimefungwa kwenye kile kikapu kwa sababu ya mdomo wangu, na kila tulipokutana uani sote wawili tulikuwa tukilifikiria hilo.

Nilienda jikoni kwa Mama kuomba msamaha. Nilipiga magoti kama inavyotakiwa. Alikuwa akikausha samaki juu ya moto, na moshi ulikuwa mwingi, sikuuona uso wake vizuri.

"Hiyo sauti yako naisikia kila siku nyuma ya nyumba," alisema. "Jana nimeita nyieka wako, nikamwambia aniambie yote, asiache kitu. Ati utakuwa umeenda. Utakuwa umezaa huko. Mtoto wangu atakuwa amekufuata. Mtakuwa mmenunua nyumba. Nikamuuliza, na mimi niko wapi kwa hayo maneno? Akasema, yawa, Mama, wewe hauko."

Ningeweza kumwambia kwamba mwalimu ndiye aliyetaka tuseme mambo ya nyumbani. Ningeweza kumwambia kwamba mama yangu mzazi naye hayumo. Lakini ilikuwa kweli. Nilitunga sentensi zaidi ya nilivyoweza kuzikumbuka, nikaweka ndani yake bomba la maji ya moto, na yeye sikumweka hata mara moja. Niliona aibu, na juu ya aibu nikaona hasira, maana hata ndoto zangu sasa zilikuwa zimewekwa uani watu wazikague.

Aligeuza samaki mmoja. "Umenipita kwa mdomo, sasa utarudi nyuma yangu kwa miguu. Siku nitatoa mbegu, utatembea nyuma yangu mstari wote mpaka mwisho. Usinipite hata kwa kivuli. Hapo itakuwa imeisha."

Nilishukuru kwa moyo wote. Adhabu yenyewe niliiona nyepesi. Nilimuuliza ni lini, akasema kesho. Lakini jioni hiyo hiyo kilio kilisikika kutoka boma la jirani. Mzee wa ukoo alikuwa amefariki, na mzee akiwa hajazikwa hakuna jembe linalogusa udongo. Mazishi yakapangwa Ijumaa. Mama akasema, basi ni Jumamosi asubuhi. Mtihani wangu ulikuwa Jumamosi hiyo, saa nne, mjini, na mwezi ule hapakuwa na mwingine.

Nilimpigia mume wangu. Nilimwomba azungumze na mama yake, amwambie Jumatatu.

"Na mvua itangoja Jumatatu?" akauliza.

"Basi mwambie nitamfuata jioni, nikitoka mjini."

"Mbegu hutolewa jioni? Wewe pia unajua." Nyuma yake mtu aliita namba ya lori. "Mama ni Mama, bana." Kisha akaniuliza kama yule ng'ombe mwekundu ameshazaa.

Nilimweleza rafiki yangu wa viatu. Alinisikiliza akiwa ameshika buti moja mkononi.

"Kwani huyo mama mkwe yako ndiye mvua?" alisema. "Achana na yeye. Enda mtihani. Hiyo mahindi watapanda."

"Hawawezi. Nisipomfuata mimi, hao wengine hawawezi kupanda nyuma yangu. Watakaa na mbegu mpaka msimu uishe."

"Hao pia waachane na yeye."

Kwake lilikuwa jambo rahisi hivyo. Kwao ukiamka na mbegu zako unaenda kupanda, basi. Nilimwonea wivu mpaka nikashindwa kumaliza chai yake. Mimi ningeweza kusema siamini, na kwa kweli sijui kama naamini, lakini mtoto wa nyieka akiugua mwaka ule, homa yoyote ile, nani angetajwa? Mimi mwenyewe, nikiwa huko ng'ambo na nguo zangu nyeupe, nisingeacha kujiuliza.

Kwa hiyo nilipiga hesabu zangu. Mstari ni mstari. Tukianza alfajiri, kufikia saa mbili tutakuwa tumemaliza, na kutoka Kisian hadi mjini kwa pikipiki si safari. Nilimwomba mwenye boda mmoja anisubiri langoni. Nilipiga pasi gauni langu la mtihani, nikalivaa, juu yake nikafunga leso kuukuu, kitambulisho nikakitia mfukoni na simu. Nilikuwa tayari kukimbia.

Mama hakutoka alfajiri. Alitoka jua likiwa limeshakaa juu ya milima ya Kisian, mguu wake mbaya umefungwa kitambaa, kijembe mkononi na kikapu kiunoni. Alipita mistari mifupi yote iliyo karibu na nyumba. Alienda mpaka mstari mrefu kabisa, ule unaoanza kwenye kichuguu na kushuka hadi upande wa barabara. Akachimba shimo, akadondosha mahindi. Mimi nyuma yake nikadondosha maharagwe, nikafukia kwa mguu. Nyieka na mke wa mtoto wa tatu walisimama pembeni na ndoo zao, wakingoja.

Shimo, mahindi, maharagwe, mguu. Akipiga hatua, nami napiga. Akisimama, nasimama. Alisimama kupumzisha mguu. Alisimama kuokota jiwe, akalitupa ukingoni, akalifikiria, akaenda kulisogeza. Alisimama kunionyesha mahali ambapo baba mkwe aliwahi kuvunja jembe la ng'ombe, na nani alikuwepo, na walikula nini siku hiyo. Mimi niliinama nyuma ya mgongo ule, nikiutazama mshono wa gauni lake, na sikuwa na pa kupita. Shamba lilikuwa wazi kila upande, upepo wa ziwa unapita unavyotaka, na sijawahi kujisikia nimebanwa vile hata ndani ya chumba cha upasuaji kisicho na dirisha.

Mwenye boda alipiga honi. Baadaye akapiga tena. Ndege iliinuka kutoka uwanja wa Kisumu, ikapita juu yetu na tumbo lake jeupe, na Mama akasimama kuitazama mpaka ikaisha. Simu ilitetemeka mfukoni. Niliinamisha kichwa nikasoma ujumbe wa rafiki yangu: Uko wapi? Wameanza kuita watu.

"Mama," nilisema. "Leo nina mtihani."

"Najua," alisema bila kugeuka, akachimba shimo.

Ningeweza kumwaga yale maharagwe hapo hapo nikakimbia. Lango lilikuwa linaonekana. Nilitazama pembeni nikamwona nyieka, na yeye alikuwa ananitazama mimi, si Mama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameikumbatia ndoo yake ya mbegu kwa mikono miwili na midomo yake ilikuwa inasema kitu kimyakimya, nadhani alikuwa ananiomba. Niliwachukia wote kwa wakati ule. Nilimchukia Mama na mguu wake, nikamchukia nyieka na watoto wake watatu, na mume wangu na ng'ombe wake mwekundu. Nilidondosha maharagwe, nikafukia.

Tulipofika mwisho wa mstari, boda ilikuwa imeshaondoka na jua lilikuwa la saa tano. Mama alijinyoosha, mkono kiunoni, akanigeukia kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka shingoni. Nikamwona amezeeka kuliko nilivyokuwa nimekubali kumwona.

"Sasa sema ile maneno yako ya kizungu," alisema. "Lakini leo unitie ndani."

Nilifungua mdomo, nikaanza sentensi moja kichwani, nikaiacha katikati, nikaanza nyingine. Nitakaporudi, wewe utakuwa. Miaka ikipita, wewe utakuwa. Kila nilipomtia ndani, sentensi ilienda kuishia mahali pamoja, na hapo sikutaka kufika, wala sikutaka yeye aone kwamba nimepaona. Yeye alikuwa ananingoja, na vidole vyake vilikuwa vikichezea punje zilizobaki kikapuni.

"By June," nilisema mwishowe, "Mama and I will have weeded this field together."

"Inasema nini?"

"Inasema kufikia Juni, mimi na wewe tutakuwa tumepalilia shamba hili pamoja."

Aliifikiria. Akaangalia mstari wote tuliotoka nao, mpaka kule kwenye kichuguu.

"Hiyo ni sawa," alisema. "Hiyo haijapita mtu."

Akavua kikapu kiunoni akanivalisha mimi, akaanza kupanda mteremko kurudi nyumbani, akichechemea pembeni mwa shamba asikanyage mashimo. Nilibaki nimesimama. Nilikuwa nimeisema sentensi nzima bila kujikwaa, kwa yale matamshi ambayo mwalimu alikuwa akiyadai, na mjini wakati huo walikuwa wameshaniita, wakaniita tena, wakamwita mwingine. Mfukoni simu ilitetemeka na sikuitoa. Kikapu kilikuwa kizito kuliko kilivyoonekana kiunoni kwake.

"Nyar Uyoma," nyieka aliita kutoka nyuma yangu, kwa upole. "Anza basi mstari wako. Sisi tunakungoja wewe."

Nikafungua leso, nikaifunga upya juu ya gauni la mtihani, nikainama.